Bannister, Boit ama kambi: njia tatu kwa mwanafunzi wa udaktari mwenye miguu ya mbio

Mpwa wangu, binti ya dada yangu mkubwa, yuko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Nairobi na anakimbia mita 1500. Juzi alikimbia 4:19 pale Nyayo, asubuhi ya baridi, bila mtu wa kumvuta, yaani wa kutangulia mbele akishika kasi, na kabla hata hajafika hosteli kocha wa kambi moja ya wakimbiaji huko Bonde la Ufa alikuwa ameshampigia simu kumwambia nafasi iko, aje Januari. Jioni akanipigia mimi. "Anko, nifanye aje? Nikienda naacha shule, nikibaki miguu nayo haingoji."

Sikumjibu siku hiyo. Mimi nilikimbia hadi miaka kumi na tisa, nikaingia chuo cha afya nikaacha mbio wiki hiyohiyo, ghafla tu, sikujipa hata msimu mmoja wa kumaliza, na hadi leo nikipita Uwanja wa Nyayo nikiwa kwa matatu nikaona taa zimewashwa kuna kitu huniuma. Kwa hivyo swali lake nimelichukulia kwa uzito. Na najua hayuko peke yake, wako wengi Chiromo, Kenyatta, Moi kule Eldoret, hata KMTC, vyuo vya mafunzo ya afya, vijana wameingia na alama za juu na miguu wanayo, na ushauri wanaopewa ni ule wa harakaharaka: si kuna yule mzungu alikuwa daktari na akavunja rekodi, fanya zote mbili tu.

Huyo mzungu ni Roger Bannister. Nimemsoma huyu mtu miaka mingi na nampenda sana, lakini hadithi yake huku kwetu inasimuliwa nusu, na ile nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu mtu anayetaka kuchagua. Basi nitaweka njia tatu kando kwa kando: ya Bannister, ya Mike Boit wetu, na ya kambi, ile ya kina Eliud Kipchoge wa marathoni, halafu niseme ni nani anafaa wapi.

Tuanze na Bannister maana ndiye anatajwa zaidi. Alizaliwa 1929, akaingia Oxford akiwa na miaka 17, akafanya utafiti wa fiziolojia ya kupumua mtu akiwa anakimbia, na 1951 akahamia London, shule ya udaktari ya hospitali ya St Mary's, Paddington. Enzi hizo mwanariadha hakulipwa. Ukilipwa unafungiwa, na Mmarekani mmoja aliyekuwa akiisaka rekodi ileile, Wes Santee, alifungiwa maisha kwa kupokea pesa za safari zaidi ya kiwango. Kwa hivyo Bannister hakukimbia ili ale. Mchana wanafunzi wenzake wakienda kula yeye anatoka mbio hadi kiwanja cha karibu, anafanya mazoezi kama dakika 45, anarudi wodini. Zoezi lake kubwa lilikuwa raundi kumi za yadi 440, hiyo ni karibu mita 400, na mapumziko ya dakika mbili katikati. Mwisho wa 1953 walikuwa wanakimbia kila raundi kwa sekunde 66. Kufikia Aprili 1954 wameshuka hadi 61, hapo wakakwama kabisa, kila wakijaribu haishuki. Unajua walifanya nini? Waliacha mbio wakaenda Scotland kupanda milima siku chache, wakarudi wakapumzika, na walipojaribu tena zikatoka 59.

Angalia hapo nimesema "wali". Hakuwa peke yake. Alikuwa na wakimbiaji wenzake Chris Brasher na Chris Chataway, na kocha Franz Stampfl kutoka Austria. Tarehe 6 Mei 1954 asubuhi Bannister alikuwa hospitalini kama kawaida, akanoa misumari ya viatu vyake kwa jiwe la kunolea la maabara, akapanda treni kwenda Oxford. Upepo ulikuwa mkali hadi dakika za mwisho hajaamua kama atajaribu. Halafu ukapungua kidogo, wakaenda. Brasher akavuta raundi mbili, Chataway akavuta ya tatu na kipande cha ya nne, Bannister akamaliza. Sekunde 57.5, 60.7, 62.3, 58.9. Jumla 3:59.4, mtu wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika nne, na rekodi ya Gunder Hägg ya 4:01.4 iliyokuwa imekaa tangu 1945 ikaondoka. Rekodi yenyewe alikaa nayo siku 46 tu. John Landy wa Australia akakimbia 3:58.0 kule Turku, halafu wakakutana Vancouver mwezi wa nane, Landy akageuza kichwa kushoto kumtafuta na Bannister akampita kulia, 3:58.8 kwa 3:59.6. Mwisho wa mwezi huohuo akashinda mita 1500 za Ulaya kule Bern.

Sasa ile nusu inayoachwa. Mwaka huohuo wa 1954 Bannister alifuzu udaktari, na mwaka huohuo akaacha mashindano, akiwa na miaka 25. Aliacha akiwa bingwa, miguu bado mizima. Mpango wake tangu mwanzo ulikuwa akimbie Olimpiki ya Helsinki 1952, ashinde, atundike viatu. Helsinki waandaaji wakaongeza nusu fainali, yeye hakuwa amefanya mazoezi ya kukimbia siku tatu mfululizo, akamaliza wa nne. Ndiyo akajiongezea miaka miwili, basi, miwili tu. Kwa hivyo mtu akikwambia Bannister alikuwa daktari na mkimbiaji kwa pamoja, mwambie alikuwa mwanafunzi wa udaktari na mkimbiaji, na ilipofika zamu ya kuwa daktari kamili alichagua, na alichagua haraka. Baadaye akawa bingwa wa mishipa ya fahamu, hasa ile mishipa inayoendesha mwili bila sisi kuifikiria, mapigo ya moyo, presha, jasho. Alifanya kazi hiyo miongo mingi na yeye mwenyewe aliithamini kuliko zile dakika nne. Mwishoni akapatikana na Parkinson, ugonjwa wa fani yake mwenyewe, akafariki Machi 2018 akiwa na miaka 88.

Na hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kabla yake kulikuwa na Jack Lovelock wa New Zealand, chuo kilekile cha Oxford, hospitali ileile ya St Mary's, naye alipanga miaka yake yote kuelekea siku moja, fainali ya mita 1500 Berlin 1936, akashinda kwa rekodi ya dunia ya 3:47.8, halafu akaendelea na udaktari. Wawili hawa wanafanana kwa kitu kimoja, mbio walizipa tarehe ya mwisho na masomo hawakuyapa.

Boit ni tofauti. Mike Boit alichukua shaba ya mita 800 Munich 1972 na akawa wa nne kwenye 1500 palepale, akaenda kusoma Marekani huku anakimbia, na mbio ndizo zilimlipia shule. Angekuwa na medali zaidi, lakini 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, zikasusia Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, 1980 Kenya ikasusia Moscow, Olimpiki mbili zikaenda hivyo akiwa kwenye ubora wake. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola aliipata Edmonton 1978. Lakini shule hakuna aliyeisusia, akatoka na shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo, na akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta hapo Thika Road kama profesa. Mimi nikiwaza juu ya ile miaka ya 1976 na 1980 naona vizuri sana kwa nini mtu asiweke maisha yote kwa siku moja ambayo mwanasiasa anaweza kuifuta.

Njia hii ya Boit bado ipo, vijana wetu wanaenda vyuo vya Marekani kila mwaka. Shida kwa mwanafunzi wa udaktari ni moja na ni kubwa: kule udaktari hausomwi moja kwa moja baada ya sekondari. Unachukua kwanza digrii nyingine ya miaka minne, kisha unaomba shule ya udaktari, na mwanafunzi wa kigeni kuipata hiyo nafasi ya pili ni vigumu sana na ada haishikiki. Pia wanaangalia miaka tangu umalize sekondari. Kwa hivyo kama uko kidato cha nne unasoma hii, hebu fikiria Boit kwa makini. Kama tayari uko mwaka wa tatu hapa Nairobi, kwenda huko ni kubomoa nyumba iliyofika lintoni ili uanze msingi pahali pengine. Mpwa wangu nilimwambia hii aitoe mezani, na akaitoa.

Ikabaki kambi.

Kambi siidharau hata kidogo na nawaomba wazazi pia wasiidharau. Kipchoge alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5000 Paris 2003 akiwa na miaka 18, akakaa na kocha wake Patrick Sang miaka hiyo yote, Kaptagat, kitanda cha kawaida, zamu ya kusafisha kama wengine, Jumatatu hadi Jumamosi mbali na familia, karibu kilomita 200 kwa wiki. Ikazaa dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, 2:01:09 ya Berlin 2022, na ile 1:59:40 ya Vienna 2019 ambayo haikuhesabiwa rekodi lakini kila mtu anaikumbuka alikuwa wapi akiitazama. Alifika miaka 40 bado yuko barabarani. Haya maisha hayana saa ya chakula cha mchana ya kuiba, ni siku nzima, na kulala mchana ni sehemu ya kazi. Na huyo Sang mwenyewe, fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, alisoma chuo kikuu Texas, kwa hivyo hata katikati ya kambi kubwa kuliko zote kuna mtu wa darasa.

Sasa tuziweke sawasawa, Bannister na kambi, kwa mtu wa Nairobi wa leo.

Masaa kwanza. Dakika 45 za Bannister zilitosha 1954. Leo rekodi ya maili ya wanaume ni 3:43.13 ya El Guerrouj wa Morocco tangu 1999, na kwa wanawake Faith Kipyegon amekimbia 1500 kwa 3:48.68. Hakuna mtu anafika huko kwa kuiba muda wa chakula. Lazima niseme wazi maana naona watu wanadanganywa: ukifuata njia ya Bannister leo, tegemea fainali za vyuo vikuu, pengine michezo ya vyuo vya dunia, pengine siku moja majaribio ya taifa. Hiyo si kidogo, lakini medali ya dunia hapana, isipokuwa uwe na kitu ambacho sijawahi kuona. Kambi ndiyo inafungua ule mlango wa juu, na hata huko kambini wengi wanaukosa, kuna mamia ya watu Iten, ule mji wa wakimbiaji Bonde la Ufa, wanakimbia vizuri sana na hakuna anayejua majina yao.

Umbali nao uangaliwe. Bannister alikuwa mtu wa maili. Mita 800 na 1500 unaweza kuzibana kwenye ratiba ya shule, mazoezi ni mafupi na makali. Marathoni haibaniki. Mtu anayeniambia yuko mwaka wa tano wa udaktari na anajiandaa kwa marathoni kwa nia ya kushinda namwambia achague sahii, kwa sababu mbio ndefu za Jumapili na zamu ya usiku ya Jumamosi haziwezi kukaa kwa mwili mmoja.

Hapa Nairobi tuna faida ambayo Bannister hakuwa nayo: tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Karura iko hapo, Ngong iko hapo, vijana wa kukuvuta unawapata ukiamka mapema. Iten iko kama 2,400, ni juu zaidi, lakini mtu asikwambie lazima uhame ndiyo upate hewa nyepesi. Kinachokosekana hapa ni usingizi. Jam ya magari, kelele za hosteli, mtihani wa CAT kila wiki ya pili.

Na pesa, maana dada yangu ndilo swali lake la kwanza. Bannister hakupata kitu na hakuhitaji, nyumbani kwao hawakumngojea yeye. Sisi tunangojewa. Bingwa wa dunia wa riadha anapewa dola 70,000, na Olimpiki ya Paris 2024 mwenye dhahabu kwenye riadha alipewa 50,000, lakini hizo ni za mtu mmoja kwa kila shindano, wa kumi na mbili anarudi na tiketi ya ndege. Kuna njia ya katikati ambayo ni ya kwetu na wengi husahau, kuandikwa na Polisi, Magereza ama jeshi, KDF, unakimbia na mshahara unaingia. Kip Keino alikuwa polisi, Tergat jeshi la anga. Udaktari nao msiuone kama kisima kisichokauka. Mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, na kiini chake kimoja kilikuwa madaktari wanagenzi, yaani intern, kubishaniwa kama walipwe shilingi 206,000 ama 70,000 kwa mwezi, vijana wamesoma miaka sita walikuwa nyumbani wanangoja kupelekwa hospitali. Hata hivyo ukiwa na miaka 50 cheti cha udaktari bado kinalisha, goti halilishi.

Kuhusu mwili nataka kukaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nimeona wasichana wakiumia. Anayekimbia kilomita 80 kwa wiki na kula chakula cha hosteli, chai na mandazi mchana kwa sababu hana muda, baada ya miezi hedhi inakatika, damu inapungua, halafu mfupa wa mguu unapasuka ufa bila kuanguka. Anafikiri ni kawaida ya wakimbiaji. Si kawaida, ni njaa, mwili hauna cha kujengea. Kambini angalau ugali na mboga na maziwa vinafika mezani kwa saa. Ukichagua Bannister basi chakula ndicho kitu cha kwanza kukipangia, kabla ya viatu na kabla ya saa ya mkononi, na damu ipimwe kila muhula.

Kitu kingine ambacho hakuna anayewaambia hawa watoto: ukiwa mkimbiaji na unasomea udaktari, kuna siku mwenzako atakuuliza habari ya sindano, zile dawa haramu za kuongeza nguvu. Kenya tumefungiwa watu wengi sana, na nyuma ya baadhi ya hizo kesi kuna mtu wa afya aliyetoa dawa. Bannister alipokuwa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Uingereza miaka ya sabini ndiye aliyesukuma kipimo cha kwanza cha steroidi kipatikane. Jibu lako kwa huyo rafiki lazima liwe tayari kabla hajauliza, na liwe fupi.

Haya, nani aende wapi. Kama una miaka 19 ama 20, umebakiza sekunde tatu nne kufika kiwango cha timu ya taifa, kocha ni mtu anayejulikana kwa uadilifu, na chuo kinakubali kwa barua kuahirisha mwaka mmoja, nenda kambi, na uende na hiyo barua mkononi, sio kwa mdomo. Usitoroke shule. Mwaka ukiisha na saa haijashuka, rudi darasani. Kama uko mbali zaidi ya hapo, ama ukifikiria kuacha wagonjwa unasikia umepoteza kitu kuliko ukifikiria kuacha mbio, basi chukua Bannister, lakini mchukue mzima: marafiki wawili wa kukuvuta, mbio fupi, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Bila hiyo tarehe hutakuwa na njia ya Bannister, utakuwa na miaka sita ya kuchoka pande zote mbili, na mwaka wa unagenzi utakukatia mbio bila kukuuliza, kama mimi chuo kilivyonikatia.

Mpwa wangu na hiyo 4:19 bado yuko mbali na timu ya taifa, na sikumficha. Nilimwambia yote haya tukiwa tumekaa kwa nyasi nje ya Nyayo, akanyamaza sana, akalia kidogo, halafu akauliza kama likizo ndefu anaweza kwenda kambini wiki sita tu aone. Nikamwambia hiyo ni sawa kabisa, na yule kocha tukampigia akakubali.

Jana usiku akanitumia picha ya ukuta wa chumba chake. Ameandika kwa maka peni: majaribio ya Olimpiki, 2028, mbio za mwisho. Chini yake majina mawili ya wasichana wa darasa lao waliokubali kumvuta. Jumanne saa saba mchana tunaanza, raundi kumi za mita 400, dakika mbili katikati, na mama yake amesema ataleta chakula.